Kawa Juu ya Sahani

Mwalimu wa sanaa aliwapeleka wanafunzi kwenye jumba la picha, hapa jirani na kwetu Joubert Park, akawasimamisha mbele ya kazi ya mchoraji mmoja Mwingereza wa siku hizi. Binti yangu aliipiga picha kwa simu akanionyesha. Samaki wawili juu ya gazeti, limau nusu, kisu na jagi la buluu. Basi. Nikamuuliza samaki wameachwa wazi hivyo kwa nini, kwani kwa Mwingereza hakuna nzi? Akacheka, akasema nao wameambiwa wachore meza za nyumbani kwao namna hiyohiyo.

Mtoto huyu kazaliwa hapa ugenini, Kiswahili changu hukijibu kwa Kiingereza. Lakini alichora kawa langu, lile la ukindu mwekundu na kijani alilosuka mama yangu Tanga, limefunika sahani mezani, na pembeni bilauri ya maji. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia.

Picha ikakataliwa. Mwalimu kasema chakula hakionekani. Afunue, achore upya, la sivyo haitatundikwa siku ya wazazi.

Damu ilinichemka. Kesho yake sikufungua meza yangu ya kuuzia khanga kule Marshalltown, nikaenda shuleni. Mwalimu alinipokea kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi. Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji, kwamba picha ya aina hii ni ya vitu, na vitu lazima vionekane. Nikamwambia hata ndani ya jagi la Mwingereza sioni kitu, mbona yeye hakuambiwa alifunue? Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Akasema jagi ni jagi.

Nikamweleza kwamba kwetu hatufuniki chakula kwa ajili ya nzi tu. Sahani iliyo chini ya kawa ina mwenyewe, na mwenyewe bado hajarudi. Sisi tukishakula, fungu la baba linabaki pale, na hakuna wa kulifunua ila yeye.

"Sasa mtoto amfunulie baba yake chakula ili wewe uone mchuzi?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Eish, mama, hadithi nzuri," akasema, "lakini kwenye picha haimo."

Niliondoka na hasira zangu.

Siku ya wazazi nikaikuta picha ya binti yangu ukutani. Alikuwa amechora upya bila kuniambia: samaki juu ya gazeti, limau, kisu. Kwangu hatujawahi kula juu ya gazeti hata siku moja. Watu wakamsifu. Nilimuuliza kwa sauti ya chini chakula cha baba yake kiko wapi, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni picha tu. Hilo liliniuma kuliko yote ya mwalimu.

Nyumbani nikaitafuta ile ya kwanza, nikaikuta imekunjwa nyuma ya kabati. Nikainyoosha, nikaibandika ukutani juu ya meza. Jioni mume wangu akarudi kutoka gereji ya Jeppestown, mikono imejaa grisi. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Aliitazama ile picha kidogo, kisha akavuta kiti.

"Hicho changu," akasema. "Leo mmeniwekea nini?"

Binti yangu alikuwa amejiinamia kwenye simu. Akaiweka chini, akaenda kumletea baba yake maji ya kunawa, bila kutumwa.