Tumbo Nililotaka Kulipunguza

Daktari alichora tumbo langu nyuma ya karatasi ya vipimo. Alilichora kama mfuko uliojaa, kisha akapitisha mstari kwa ndani na kuupaka wino upande ulio mkubwa.

"Huu wote tunautoa," alisema. "Unabaki na hiki chembamba, kama ndizi."

Sikuwa nimefika kwake kwa ajili ya tumbo. Nilifika kwa ajili ya homoni. Kwa miaka mingi siku zangu zilikuja zilivyotaka, na mara nyingine zilipotea mpaka nikazisahau. Kila asubuhi niling'oa ndevu kidevuni kabla ya kufungua mlango. Mwili uliongezeka hata miezi niliyokula kama mgonjwa. Madaktari wa nyuma waliniambia nina vivimbe vidogo kwenye vifuko vya mayai, wakaniandikia vidonge, na wote wakamaliza kwa kuniambia nipunguze uzito. Huyu alikuwa wa kwanza kusema kwamba kwa mwili kama wangu uzito hautoki kwa kuambiwa, na kwamba upasuaji huenda ukanisaidia.

"Kwa kawaida unakula nini?"

"Wali, ugali, maharage, mboga za majani. Nyama sili."

"Kuku je?"

"Sili. Na samaki pia sili, daktari. Mayai nakula, na mtindi."

Aliweka kalamu mezani. "Ni mambo ya dini?"

"Hapana."

Sijawahi kuwa na sababu ambayo mtu angeikubali. Tangu nikiwa mdogo, kwetu Masasi, nyama ikianza kuchemka nilikuwa natoka nje. Mama alijaribu kunilazimisha, nikawa natapika, mwishowe akaacha na kunipikia mbaazi. Nilipokuja Dar watu waliniuliza kama mimi ni Msabato, na wakati mwingine nilijibu ndiyo ili tuhamie mazungumzo mengine. Kwenye shughuli nilikula wali mweupe na kachumbari. Mtu mnene akisema hali nyama, watu hawamwamini. Wanamtazama mwilini, halafu wanatazamana wao kwa wao.

Daktari alinipeleka chumba cha pili kwa mtaalamu wa lishe, binti mdogo kwangu, mwenye ushungi wa kijani na sauti ya taratibu. Alinieleza kwamba wengine baada ya upasuaji huanza na supu ya kuku, baadaye samaki aliyepondwa, lakini mimi itabidi nitafutiwe njia yangu.

"Tumbo likishakuwa dogo, dada, kila kijiko lazima kiwe na kazi. Utakula mayai, mtindi, choroko za kusaga, uji wa soya. Wali hautapata nafasi. Nenda nyumbani ujaribu kula kama mtu ambaye ameshafanyiwa, uone utaweza."

Nilipokuwa nasimama akaongeza, "Na ukija kupangiwa siku, uje na ndugu. Atakayekaa na wewe wodini, na nyumbani siku za mwanzo."

Nikamwambia sawa.

Naishi Kinyerezi, vyumba viwili, na mbele kuna frem ninayoshonea nguo. Mchana frem haikosi watu. Wanawake wananiletea vitenge vya harusi na vya misiba, nawapima kifua, kiuno na nyonga, wanaminya matumbo yao wakicheka. Wengine huniuliza, "Fundi, na wewe unajishoneaje?" Nacheka nao. Jioni navuta mlango wa chuma, nafunga, naingia ndani, na hapo hakuna tena anayesema kitu mpaka kesho yake. Mwanaume niliyeishi naye aliondoka zamani. Hatukugombana. Kwao walitaka mtoto, na mimi mwezi baada ya mwezi sikuwa na habari ya kuwapa. Siku moja akaaga kwenda kumwona mama yake, na nguo zake akazifuata baadaye, nikiwa sokoni.

Nilianza lile jaribio. Nilichemsha choroko mpaka zikalainika, nikazisaga, nikapakua kwenye kisosi, nikala kwa kijiko cha chai, polepole kama nilivyoelekezwa. Njaa niliiweza. Nimefunga Ramadhani tangu utotoni, njaa si mgeni kwangu. Lakini nilikuwa nimezoea kwamba nikishafunga frem napika. Nakuna nazi, nakaanga kitunguu, natwanga karanga za kwenye kisamvu, huku redio inaongea. Nakaa mkekani na sahani yangu, nakula bila haraka, nabandua ukoko, narudia kidogo. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yangu ya jioni. Sasa nilikuwa nakaa, nameza vijiko vichache, na chakula kimekwisha. Nje watoto bado wanacheza, adhana ya Magharibi ndiyo kwanza imetoka, na mimi sina tena la kufanya. Jioni moja nililia pale mkekani, kisosi kikiwa mapajani, na najua haikuwa njaa.

Jumapili yake nilikwenda Bunju kwa dada yangu. Ndiye aliyebaki kwetu, mimi na yeye tu, na ndiye ndugu pekee ambaye ningeweza kumpeleka hospitali. Alikuwa amepika wali wa nazi na kuku, na pembeni akaniwekea kunde zangu, kama afanyavyo siku zote, sufuria yake peke yake. Nilipakua kidogo sana.

"Una nini wewe? Unaumwa?"

"Siumwi, dada. Nataka kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Wa kupunguza."

Alimwambia binti yake atoke akaangalie nguo kwenye kamba. Alipotoka, dada akanawa mikono taratibu, akaifuta kwa khanga.

"Wakukate tumbo zima, lisilo na ugonjwa?"

"Ugonjwa ninao. Ni homoni."

"Homoni ndiyo nini? Wewe hujala nyama tangu umezaliwa, unashindia wali na mihogo, utaachaje kunenepa? Kula nyama. Kula hata samaki. Mwili utakaa sawa."

"Dada, ningeweza si ningeshakula?"

"Na ukifia huko mezani, watu nitawaambia nini? Mdogo wangu amekufa kwa unene?"

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimekuja kumwomba anishike mkono tu, basi. Lakini alikuwa ameshaanza kupangua vyombo, na nilimjua. Akiwa na hofu huwa mkali. Hata Mama alipolazwa alikuwa anawagombeza manesi. Nikamsaidia kuosha vyombo. Tuliongea habari za mvua na habari za shemeji, na nilipoondoka alinipa mfuko wa nazi kama kawaida. Hakunisindikiza mpaka barabarani.

Siku ya kurudi kliniki nilikaa kwenye benchi na mwanamke mmoja niliyemkadiria umri kama wangu. Gauni lilimpwaya mabegani, na ngozi ya shingo ilikuwa imelegea kidogo. Aliniuliza nimefuata nini, nikamwambia. Akasema yeye alishafanyiwa, alikuwa amekuja kuangaliwa tu.

"Unajutia?" nilimuuliza.

"Hapana. Presha imeshuka, magoti hayaumi, napanda ngazi. Sijutii kabisa." Alipandisha gauni begani. "Ila kuna kitu hawakuniambia. Hamu ya kula iliondoka, na mimi nilikuwaga mtu wa kula na wenzangu. Sasa wakikaa kula naona nawaharibia. Jioni sijui nijiweke wapi."

"Una watu nyumbani?"

"Mume na watoto wanne," akasema. "Nyumba imejaa."

Jina lake likaitwa, akaenda. Nikabaki namfikiria. Mwenye nyumba iliyojaa hajui ajiweke wapi, nikajiuliza itakuwaje kwangu.

Daktari alisoma majibu ya vipimo. Damu yangu ilikuwa pungufu, akasema hawezi kunigusa mpaka ipande, na kwa asiyekula nyama huenda ikachukua muda. Alikuwa anaongea kwa upole, nadhani alifikiri ananipa habari mbaya. Mimi nilisikia mabega yangu yanashuka.

"Daktari, hata ikipanda, nafikiri siko tayari."

"Unaogopa kisu?"

"Kisu siogopi. Sina wa kukaa naye baadaye."

Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa. Hakujaribu kunishawishi. Alisema mlango uko wazi, akaniandikia vidonge vya kuongeza damu na vile vinavyotumiwa na wenye sukari, akasema kwa homoni zangu vinaweza kusaidia, na kwamba nitembee kila siku.

Jioni nilimpigia dada. "Sifanyi. Kwa sasa sifanyi."

"Alhamdulillah," akasema, na nikasikia pumzi ikimtoka. Halafu akaanza kunieleza habari ya sare za shule za binti yake, kama nitaweza kuzishona kabla shule hazijafunguliwa. Hakuniuliza sasa nitafanya nini na ule mwili. Nikamwambia alete kitambaa.

Sijapungua sana. Viatu vyangu vinaingia kwa urahisi kidogo, na mwezi uliopita niliona siku zangu bila kuzitegemea, nikakaa chooni muda mrefu nikiwa sijui nimwambie nani. Natembea asubuhi kabla jua halijawa kali, mpaka karibu na mitambo ya gesi na kurudi. Usiku napika tena, kidogo kuliko zamani, na choroko zimebaki kwenye chakula changu.

Wiki iliyopita yule binti wa lishe alinipigia. Alikuwa anawapigia wagonjwa wote walioahirisha, aliniambia hivyo mwenyewe, kwa hiyo najua haikuwa mimi tu.

"Leo umekula nini, dada?"

Alikuwa anataka kujua, hakuwa ananisuta. Nikamwambia uji wa soya asubuhi, yai mchana, kisamvu jioni. Akauliza kisamvu nakiungaje. Nikamweleza tangu kukitwanga, nikaeleza na nazi, na karanga, na kwamba kwetu hatuweki nyanya. Nilijua ana wengine wa kuwapigia. Niliendelea kueleza.