Ingobyi Iliyonuka Siagi

Juzi pale kituo cha mabasi cha Nyabugogo nilimwona mama mmoja kijana amembeba mtoto kwenye mbeleko ya dukani yenye mikanda, nami nikasikia harufu ya siagi ambayo haikuwepo.

Ilikuwa harufu ya ingobyi, ngozi ya kondoo ambayo bibi alitubebea mgongoni wajukuu wote. Nilipokuwa mtoto wa shule, ilining'inia ukutani kwetu, laini kama sikio la ndama, ikimsubiri mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mama yangu.

Mchana mmoja wenzangu wa shule walipita kwetu Kabeza, wakaziba pua.

"Kwenu iko nini inanuka hivi?"

Nikasema ni mbwa wa jirani.

Walipoondoka niliiloweka ingobyi kwenye beseni la sabuni ya unga, nikaisugua kwa brashi ya viatu, nikaianika juu ya mabati. Nilidhani harufu ile ni uchafu. Sikujua kwamba siagi ndiyo iliyoilainisha miaka yote. Jioni niliiteremsha imekakamaa kama ubao, na nilipojaribu kuikunja, ikapasuka katikati.

Bibi hakunipiga. Aliipakata, akaipaka siagi, akaipaka tena, mpaka kopo likaisha.

"Nilitaka inukie vizuri, bibi," nikasema.

"Wewe pia ulikuwa unanuka hivyo," akajibu bila kuniangalia. "Na mimi nilikuwa nakubusu."

Mdogo wangu alizaliwa wiki iliyofuata. Kati yetu sote ni yeye peke yake aliyebebwa kwa taulo, na mpaka leo sijamwambia kwa nini.