Umeme Uliporudi, Mkono Wangu Ulikuwa Ndani

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa kujisifu, na mikono yangu ilinipa haki hiyo. Mimi ni Papa Riziki, fundi chuma wa hapa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, zamani wa karakana ya reli. Nilikuwa nikijijengea mashine ya CNC, ile inayokata chuma kwa kuamriwa na kompyuta. Wenye pesa huinunua. Mimi niliiokota: meza yake nzito ilitoka kwenye mabaki ya kiwanda cha nguo kilichofungwa, mota na skrubu yake ndefu kwenye vyuma chakavu vya reli. Nilitaka kuchonga pangaboi za boti ziendazo Moba, tuache kuzisubiri kutoka Kigoma. Mke wangu, Mama Riziki, aliiita mke mwenza.

Siku hiyo kompyuta ilikuwa bado haijaunganishwa. Nilikuwa nikijaribu mota peke yake ikisukuma meza, waya wake umekwenda moja kwa moja kwenye swichi ya ukutani. Umeme ukakatika. Huku kwetu umeme ukikatika hatuzimi kitu. Tunaacha swichi zimewashwa ili tujue utakaporudi. Nami nikaacha, kama tunavyoacha taa ya sebuleni, nikaingiza mkono wa kulia kati ya meza na nguzo ya chuma ili nifute mafuta machafu kwenye skrubu.

Umeme ukarudi. Meza haikuruka, ilikuja taratibu, ndiyo maana nilidhani nitawahi kuutoa mkono. Sikuwahi. Nilisikia mifupa ikivunjika kabla ya kusikia maumivu, kama mtu anayekanyaga vijiti vikavu. Kisha umeme ukakatika tena. Kukatika huko kuliniokoa, na kukanifunga pale pale.

Swichi ilikuwa mbali nami, na bado imewashwa. Mlango nilikuwa nimeutia komeo kwa ndani, kwa sababu wapita njia walizoea kuingia kushangaa na kuniuliza maswali. Umeme ungerudi, meza ingeendelea pale ilipoachia. Nilivuta, ngozi ikachanika. Mabati yaliwaka joto, nzi wakaifuata damu, nikajikojolea nimesimama. Nikaomba kitu ambacho sijasikia mtu wa Kalemie akikiomba: Mungu, umeme usirudi.

Nilikuwa nimepoteza sauti kwa kupiga kelele Mama Riziki alipotoka sokoni na kugonga.

“Papa Riziki, fungula mulango. Mbona umejifungia?”

“Siwezi. Mukono yangu imebanwa na mashini. Usilie kwanza, mama. Swichi haijazimwa. Kuran ya umeme ikirudia, mukono inakwisha.”

Hakulia. Alimwita jirani yetu Papa Kasongo, mchomeleaji, wakang'oa bati la ukuta kwa mtaimbo. Mke wangu alipoingia hakunitazama mimi. Alikwenda kwenye swichi akaizima, kisha akashika gurudumu la kuzungushia skrubu kwa mikono miwili.

“Nizungushe wapi?”

“Upande wa dirisha. Polepole.”

Damu iliporudi mkononi iliuma kuliko mfupa uliovunjika. Mkono ulipotoka nilizimia. Baadaye Papa Kasongo aliniambia kwamba umeme ulirudi tukiwa bado njiani kwenda hospitali.

“Papa, hivi vidole viwili vimekufa,” daktari akasema. “Tukiviacha, vitaharibu mukono muzima.”

Nikakataa. Nilimwambia fundi bila vidole ni mtu wa kulishwa. Homa ikapanda, usaha ukanuka hata mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukuta. Mama Riziki akaniinamia.

“Miye niliolewa na weye, sikuolewa na vidole. Acha wakate.”

Wakakata.

Nilidhani sasa nimetoka. Kumbe vidole visivyokuwepo niliendelea kuvihisi, vimebanwa vile vile, na hakuna gurudumu la kuzungusha. Nyumbani nilikataa wageni. Nilikaa chumbani, pazia limeshushwa, nikiuchukia mkono wangu na kumchukia kila aliyeniambia pole.

Mke wangu akagoma kunilisha. Kila mlo alinitengea donge la bukari, ugali wetu, na kuniamuru nilikande kwa mkono mbovu kabla ya kula. Bukari ya moto inauma mkono ulioshonwa. Nililia mezani watoto wakiniangalia, naye akaendelea kula samaki wake kana kwamba hanioni. Taratibu vile vidole vitatu vilivyobaki vikaanza kukunja, vikashika kijiko, vikashika spana.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari aliyevumilia ukaidi wangu, na Papa Kasongo. Mama Riziki sina neno la kumtosha. Mafundi wenzangu, umeme ukikatika zimeni swichi kwanza, na msijifungie peke yenu na mashine. Na wewe uliyelala hospitali unatazama bandeji, usijione umekwisha. Ukiambiwa kidole kimekufa, amini, kisha ukitumikishe kile kilichobaki hata kama kinakuliza.

Mashine nimeimaliza, na inachonga. Lakini nisiwadanganye. Umeme ukirudi mtaa mzima hushangilia, watoto hupiga makofi barabarani. Mimi huangusha nilichoshika na kuukumbatia mkono wangu kifuani, na Mama Riziki huja kusimama karibu nami mpaka pumzi inirudie.