Pingu ya Mama Vuta

Tulimwita Mama Vuta, na wala si kwa sababu ya sigara. Katika bustani yetu ya michezo yeye ndiye aliyesimamia bembea kubwa ya viti, ile inayozunguka mpaka viatu vya watu vinadondoka kwenye foleni. Kila kiti kina chuma kinachoshuka mapajani; sisi tulikiita pingu. Pingu ikishashuka, Mama Vuta huivuta juu kwa mkono wake, mara mbili. Abiria wakinung'unika huwajibu, "Mara ya kwanza kwa ajili yako. Ya pili kwa ajili yangu, maana nami huwa najidanganya." Kisha anahamia kiti kinachofuata, taratibu, kana kwamba jua limesimama kumngoja.

Mimi nilikuwa nauza tiketi, kwa hiyo matusi ya foleni yake yaliishia dirishani kwangu. Mumewe naye, fundi cherehani, alikuwa akija kunilalamikia.

"Shemeji, nisaidie. Nikikaa kwenye kochi, anakuja kulitikisa. Mlango nimefunga mimi, anauvuta. Jana kavuta vifungo vya shati nililoshona mwenyewe! Huyu hata peponi atakagua mabawa ya malaika."

Mama Vuta alikuwa anakaribia kustaafu, na jambo moja lilimnyima raha: nani atavuta akishaondoka? Akamwendea meneja. Akamwomba kila msimamizi wa mtambo avute, na mwenzake apite nyuma yake avute tena. Meneja wetu, mtu wa semina, alilipenda wazo hilo mno. Alilipenda hivi kwamba akaita mpiga picha.

Sura ya Mama Vuta ikapanda juu ya lango, kubwa kuliko mlango wa ofisi, inatabasamu tabasamu la mtu aliyeamriwa kutabasamu. Chini yake maandishi: USALAMA NDIO UTAMADUNI WETU. Tukapiga makofi, tukanywa soda, na suala la usalama likawa limekwisha. Mama Vuta alipouliza habari ya mwenzake kupita nyuma, meneja alimwonyesha picha.

Na sisi tulivyostarehe! Kabla ya picha, watu angalau walikuwa wanagusa pingu kwa aibu. Baada ya picha, msimamizi wa treni ya mteremko, ile inayopanda juu kisha kuporomoka, nayo ina pingu zake, ukimuuliza kama amekagua, anakujibu, "Mama Vuta kapita hapa asubuhi." Kweli alipita. Alikuwa anaenda chooni.

Alipobakiza siku chache kazini, akapewa zawadi ya kuja kama mgeni, yeye na mumewe, tiketi bure. Fundi akachagua treni ya mteremko na kiti cha mbele kabisa. Nikafunga dirisha langu nikaenda kutazama. Nani angekubali kulikosa hilo?

Msimamizi wa treni akazishusha pingu. Alipofika kwa Mama Vuta akapiga saluti. "Kwako mwalimu nikague nini?" Akacheka, akarudi kwenye swichi yake. Mama Vuta hata hakumsikia. Alikuwa amejipinda nyuma, anavuta pingu za abiria waliomfuata. Wagonjwa wa kazi ndivyo walivyo.

Mumewe akaona nafasi aliyoingojea tangu siku ya harusi.

"Leo zamu yangu, mke wangu!" alisema kwa sauti ili sote tusikie. "Nakuvuta mimi, mara mbili!"

Akashika pingu ya mkewe, akavuta. Ikashika. Tukacheka. Akavuta tena kwa mbwembwe, na pingu ikainuka yote, ikafika kidevuni mwa Mama Vuta.

Fundi akaacha kucheka.

"Usiwashe! Wewe bwana, usiwashe! Mke wangu hajafungwa!"

Msimamizi wa treni alikuwa na kidole juu ya kitufe. Akakiondoa polepole, kama mtu aliyegusa pasi ya moto. Fundi alikuwa ameikumbatia ile pingu iliyolegea, machozi yanamtoka, anarudia, "Mimi nilikuwa natania tu. Nilikuwa natania."

Mama Vuta alimfuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Halafu akashuka, akaja kwangu akaomba ngazi. Meneja alipofika anahema, picha ilikuwa chini tayari.

"Mama, mbona unajishusha?"

"Tangu mnibandike pale, hakuna anayevuta."

Meneja akafikiri kidogo. Akamtazama fundi, uso wake ukachangamka. "Basi tumbandike mzee?"

Mama Vuta aliligeukia kundi la wafanyakazi waliokuwa wamejikusanya, akamnyooshea kidole msimamizi wa treni, kisha mimi. "Wewe unavuta. Na wewe unapita nyuma yake."

Alipostaafu walirudi yeye na mumewe, safari hiyo kwa kulipa. Kiti kile kile. Msimamizi akavuta pingu zote mara mbili, kisha akaniita nami nikaanza upya, kiti kwa kiti. Foleni ikatutukana. Mama Vuta akapigapiga ukingo wa kiti.

"Jamani, hatuondoki? Tutalala hapa?"

"Tulia, mke wangu," fundi akamwambia. "Yako shemeji kavuta mara moja tu."

Nikavuta ya pili.