Mama Olivier Alisema Ameshiba

Mimi sipendi watu wanaomsema Isaro vibaya, na nalisema mapema, anayetaka kununa anune. Yule binti hakumnyima mama mkwe wake chakula. Wala Mama Olivier si mwanamke wa maringo. Wote wawili walikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyowaharibia.

Mama Olivier ni jirani yangu hapa West Side, Buffalo, huku Marekani. Nyumba ni moja ya mbao, yeye anakaa chini, mimi juu. Baridi ikianza, anakwenda Grant Street kununua mawese na ndizi mbichi, halafu anapika maharage kutwa nzima kwa moto mdogo, mpaka ngazi zote zinanukia. Watu wa kanisa wanapita kusalimia tu. Wanajua wenyewe wanachosalimia.

Mwaka jana, majani yalipoanza kuanguka, Olivier, mwanawe wa pekee, alikuja kumchukua wakaishi pamoja Columbus. Mke wake Isaro alikuwa na mimba ya kwanza. Mama Olivier alifurahi mpaka akanigawia sufuria zake. Kwetu, milimani Kivu ya Kusini, mama wa mume ndiye anayempikia mzazi, na ndiye anayemwonjesha mtoto chakula cha kwanza. Kazi hiyo alikuwa ameingoja miaka na miaka.

Sasa sikilizeni. Kwetu mgeni akiulizwa kama atakula, anasema ameshiba, hata kama tumbo linanguruma. Mwenye nyumba anajua. Anamsihi, anamwekea sahani mbele, "onja tu kidogo, mama," ndipo mgeni anakula na heshima yake. Na mama mkwe hafunui sufuria za mke wa mwanawe. Ni aibu.

Isaro amekulia Louisville, aliletwa akiwa mtoto wa mgongoni. Siku ya kwanza alipika maharage na ndizi, akimuuliza mama yake kwenye simu kila hatua. Akasema kwa upole, "Mama, utakula?" Mama Olivier akajibu, "Hapana mwanangu, nimeshiba." Isaro akasema sawa, akafunika sufuria. Yeye amefundishwa kwamba mtu akikataa, usimlazimishe. Kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile. Olivier naye, zamu za ghalani zimemla. Akiuliza kama mama amekula, anaambiwa alisema ameshiba, anaamini. Basi mama wa watu akaishi kwa chai na mkate, akidhani hatakiwi. Isaro akawa analia bafuni, akidhani chakula chake kinadharauliwa.

Kabla ya Noeli Mama Olivier akarudi kwa basi, mashavu yamebonyea. Akaniambia Columbus kuna baridi. Jamani, mtu anakimbia baridi kuja Buffalo? Nilimbana mpaka akasema, "Hawakunisihi hata siku moja."

Hasira zikanipanda, nikampigia Isaro simu nimkaripie. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama Gracieuse," akasema, "aliniambia ameshiba. Nilimwamini."

Kisha akanisimulia mengine yote. Nikashuka chini kumweleza mwenzangu yote, maharage, simu ya Louisville, machozi ya bafuni. Akajifunika uso kwa kitenge chake.

"Donc, kumbe alikuwa ananipikia mimi?"

"Wewe. Mpigie sasa hivi."

Hakupiga. Alisema anaona haya, ngoja zipungue kwanza. Haya gani hizo? Nilimgombeza kila nilipomkuta, na theluji ikaanza kuyeyuka bado anangoja. Hatimaye akapiga, Jumapili moja tulipotoka kanisani, mimi nimekaa karibu yake.

"Isaro, mwanangu, siku zile sikuwa nimeshiba. Nataka maharage yako. Nataka kurudi nyumbani kwenu."

Isaro alilia muda mrefu. "Mama, kwa nini hukusema? Niliogopa kuzaa nikiwa peke yangu. Mama yangu ameacha kazi na nyumba yake Louisville, amekuja kukaa na sisi. Analala katika chumba chako." Halafu akamwambia aje kuwatembelea, wakati wowote. Mama Olivier akashukuru vizuri kabisa, akakata simu.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, Gisubizo. Wiki iliyopita Olivier alituma picha. Mtoto amekaa, mdomo wote una mawese, na kuna mkono wa mwanamke mzima umeshika kijiko. Mama Olivier alikuwa anachambua maharage. Aliikuza ile picha kwa vidole mpaka mtoto mwenyewe akatoka pembeni, ukabaki mkono peke yake. Roho iliniuma.

"Ningesema tu ndiyo," akasema, "kijiko hicho ningekishika mimi."