Nilibonyeza honi mapema, kombe la marehemu kaka likatoka nyumbani kwake

Jumatano ya pili ya mwezi wa tatu mwaka huu tulimzika kaka yangu Festo, hapa Mafinga. Figo zilimsumbua miezi sita, akapumzika. Alikuwa fundi seremala kama mimi, ila mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Wakuu, poleni na majukumu. Humu mimi ni msomaji tu, na shule yangu iliishia darasa la saba, hivyo mtanivumilia. Nitaeleza kama ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha.

Kaka alikuwa na mchezo mmoja ambao majirani waliuona wa kitoto. Ndege za rimoti zisizo na injini. Wenyewe tunaziita glaida.

Unasimama ukingoni mwa mlima, upepo unapiga ule mteremko na kupanda juu, ndege inabebwa na upepo huo huo. Hakuna mafuta, hakuna kelele. Unasikia mluzi wa bawa tu.

Kwenye mashindano kuna mistari miwili, katikati mita mia. Ndege inakwenda na kurudi mara kumi, mwenye time ndogo ndiye mshindi. Kila mstari una mwamuzi mwenye kitufe. Pua ya ndege ikivuka, anabonyeza, honi inalia kwa rubani, ndipo rubani anakata kona. Ukikata kabla ya honi, imekula kwako, unarudi kuuvuka mstari.

Shikeni hilo la honi. Kesi yote iko hapo.

Klabu yetu ni ya watu kama kumi na tano, wa Iringa na Mbeya. Kila mwezi wa nane, upepo ukiwa mkali, tunakutana kwenye mlima mmoja juu ya Uyole, pembeni ya mashamba ya viazi. Mshindi anakaa na kombe mwaka mzima. Ni kombe la bati tu, rangi ya dhahabu imeshachubuka.

Kaka alilichukua miaka minne mfululizo. Mtoto wake wa mwisho hajawahi kuliona kabati la sebuleni bila lile kombe juu yake.

Mwaka huu aliyerusha ndege ya kaka ni mke wake, shemeji yangu, Mama Neema.

Msishangae. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa anaitupa ile ndege hewani kwa mkono, kaka akiwa ameshika rimoti. Kaka alipoanza kuumwa walibadilishana. Kaka akawa anakaa kwenye kiti na blanketi, anamwelekeza mkewe. Mama huyu kashika haraka kuliko sisi wanaume.

Tuliondoka Mafinga alfajiri, boksi la ndege likiwa katikati yetu kwenye basi. Karibu na Makambako ndipo akaniambia anachotaka.

"Mwaka mmoja tu, shemeji. Mwakani walichukue. Mwaka huu nyumba yangu isitoe vitu viwili."

Kombe lenyewe hakuja nalo, ingawa utaratibu ni kuja nalo. Alilifungia ndani.

Mlimani tulimkuta Komba, Mngoni anayeuza vipuri vya pikipiki Makambako. Sisi ni Wahehe, kwa hiyo ni mtani wetu, na utani wake hauna likizo. Siku ya msiba alivaa kofia ya marehemu na kukalia benchi lake la kazi, akagoma kunyanyuka mpaka apewe paja la kuku. Watu walicheka huku wanalia.

Mimi sikuwa narusha, hivyo mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akanipanga mstari wa mbali. Nikamwambia shemeji yangu anashindana, aniweke kwingine. Akasema klabu yenyewe ndogo hii, nani hapa hana ndugu?

Komba akadakia, "Mwacheni akae. Mhehe hajui kudanganya, anajua kununa tu."

Kila mtu anaruka mara tatu, inahesabiwa time yake bora. Upepo ulikuwa unavua kofia. Komba akapata sekunde sitini na mbili kamili. Shemeji mara ya kwanza sitini na nane, ya pili sitini na tano. Ikabaki moja.

Niliketi nyuma ya fito mbili za kulengea zilizosimikwa kwenye mstari, kidole kwenye kitufe. Ndege ikaja, nikabonyeza. Ikaja tena, nikabonyeza. Alikuwa anakwenda vizuri ajabu.

Mara ya mwisho kuja upande wangu, ndege ilianza kulala ubavu kidogo kabla ya mstari, vile vile kaka alivyokuwa anailaza. Hakuna mwingine anayefanya hivyo.

Nikabonyeza. Pua ilikuwa bado haijafika kwenye fito. Ilibaki kama urefu wa kitanda.

Sitasema nilikusudia. Sitasema pia kwamba sikukusudia. Nimejiuliza wiki nzima na sijui.

Sitini na moja na nusu. Nikasikia watu kule wanapiga makofi. Kwa mbali nikamwona shemeji amechuchumaa, ameziba uso kwa kitenge.

Wakuu, ile njia ya kurudi walipo watu ni mita mia, lakini nilichoka kama nimebeba gogo. Nikapita wanaompongeza, nikamwendea mwenyekiti. Nikamwambia honi ya mwisho niliipiga mapema.

Akanivuta pembeni. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hakuna mtu aliyeona."

"Mimi niliona, mwalimu."

Akawatangazia wote. Wengine wakasema tuache, huu ni msiba, tofauti yenyewe kona moja. Komba safari hii hakuleta utani wowote.

Shemeji ndiye aliyemaliza mjadala. "Kama honi ilikuwa ya uongo, narudia."

Lakini upepo haumsubiri mtu. Ukungu ulishaanza kupanda kutoka bondeni na bendera yetu ya kuonea upepo ikawa inaning'inia. Tulikaa mpaka saa kumi jioni. Akarusha hivyo hivyo. Ndege ilikwenda kama imeelemewa, sekunde sabini na nne.

Kombe likawa la Komba.

Tuliposhuka Mafinga nikambebea boksi mpaka mlangoni. Hapo ndipo akasema.

"Sikukasirikii kusema ukweli, shemeji. Ila mimi nilikuwa pale pale. Ungeniambia mimi kwanza."

Alikuwa sahihi. Nilimpita mwenye jambo nikaenda kwa mwenye cheo. Angeenda yeye mwenyewe kwa mwalimu, namjua. Ingekuwa heshima yake. Mimi nilimfanya alisikie pamoja na watu wote, machozi ya furaha yakiwa hayajakauka.

Hilo ndilo nililojifunza, nawaachia na ninyi. Kusema kweli ni lazima, ila kuna mtu anayetakiwa kuisikia kabla ya wengine. Kama kuna mkuu aliwahi kukosea hivi, aniambie alirekebishaje, maana kuomba samahani nimeshaomba na bado naona haitoshi.

Jana Komba alikuja kuchukua kombe lake. Alikunywa chai, akala viazi, kisha akasimama mbele ya picha ya kaka ukutani.

"Festo, miaka minne umenitesa. Leo nakubeba kwenye begi kama kuku."

Shemeji akacheka. Kicheko kifupi, lakini tangu mwezi wa tatu sikuwa nimekisikia.

Akalishusha kombe kabatini. Ndani kaka alikuwa anaweka skrubu ndogo ndogo za ndege. Akazimwaga kwenye sahani, akalifuta kombe kwa kitenge, akampa Komba kwa mikono miwili. Komba akalipokea kwa mikono miwili, akaaga, akaenda zake stendi.

Shemeji akaniomba nimtafutie kitu chenye mfuniko. Nikamletea kopo la siagi. Tukakaa mezani, tukazitenga zile skrubu, ndefu huku, fupi huku, mpaka chai ikapoa.