Siku Niliyombeba Kobe Kuvuka Kinamasi

Mchana kweupe, watu waliniona nikivuka kinamasi na mwanamume mzima mgongoni.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anacheka.

Ngojeni niwaeleze.

Kinamasi chetu huja na mvua, kikikauka kinaacha nyufa tu. Mwaka ule alikuja mama mmoja, mtaalamu wa mimea, akitafuta mpiga picha wa kumsaidia kuandaa kitabu cha mimea pori ya humo. Nafasi moja. Tukajitokeza wawili: mimi na binamu yangu, tunayemwita Kobe kwa ule mwendo wake.

Sharti lilikuwa jepesi. Siku tatu. Mwenye picha za aina nyingi zaidi za mimea anachukua kazi.

Niliitaka kazi ile vibaya sana. Nilitaka jina langu lichapishwe kitabuni.

Basi nikazama topeni. Ruba wakaninyonya. Kiatu changu kimoja kiko humo hadi leo. Kobe, mwoga wa ruba, alikaa nchi kavu na lenzi yake ndefu kama bomba. Nikamtungia papo hapo:

*Kobe kashika ukingo, maji kwake ni balaa,*
*Mi nazama hadi shingo, ushindi nimeutwaa!*

Siku ya tatu tukahesabu mbele ya watu wa kijiji. Kobe ishirini na mbili. Mimi ishirini na tatu!

Mtaalamu akapitia picha zangu, akakwama kwenye tatu.

"Huu wa majani kama nywele, chini ya maji. Huu wa majani ya duara, yanaelea. Na huu wa majani kama mkuki, juu ya maji."

"Naam, mama. Mimea mitatu."

"Ni mmoja, mwanangu."

Damu ikanichemka. Mimi nifundishwe kinamasi nilichokulia?

"Ukiwa mmoja, nambeba Kobe mgongoni hadi ng'ambo!"

"Jamani, mmesikia?" Kobe akauliza, tayari anakunja suruali.

Nikaingia majini. Nikashika jani la mkuki, nikafuata shina kwa vidole, nikavuta.

Likaja lote. Mkuki juu, duara katikati, nywele chini.

Shina moja.

Nimebaki na ishirini na moja. Kazi imeota mbawa.

Nikainama. Kobe akapanda na kamera yake, akaniimbia sikioni:

*Kobe kapanda mgongo, bingwa chini kaduwaa!*

Katikati maji yalinifika kifuani. Huko sikuwahi kuthubutu kwenda na kamera, na lenzi ya Kobe haikufika.

"Simama! Usitikisike!"

Nikaganda. Klik.

Ua la zambarau ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona.

"Kushoto kidogo, kaka. Chuchumaa. Si hivyo, utanilowesha!"

Tulipofika ng'ambo, tulikuwa na mimea mitano mipya.

Mtaalamu, aliyezunguka kwa nchi kavu kutupokea, alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Leo mimea mitatu imekuwa mmoja," akasema. "Na wapiga picha wawili wamekuwa mmoja. Kazi ni yenu. Msishushane!"

Kitabu kimetoka. Majina yetu yamo pamoja, la Kobe likitangulia. Nilipowaka, akaniuliza kwa upole:

"Kaka, tulipovuka, nani alikuwa juu?"

Funzo? Kabla hujaapa mbele za watu, tia mkono majini uvute shina kwanza.

Na kama ni lazima uape, apa kumbeba mtu mwepesi.